UZI: Utupa unakata mnyororo wa elektroni mwanzoni, muhogo mchungu unaukata mwishoni. Tuongee jinsi seli inavyopata nguvu

#1 Ngalawa Tupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Aliyekulia kando ya mto au ziwa anaujua utupa. Ni mmea wa jamii ya kunde, maua yake ya zambarau au meupe. Majani yanapondwa, yanatiwa kwenye maji yaliyotulia, na baada ya muda samaki wanapanda juu wakitweta. Maji yana oksijeni ileile ya jana, matamvua ya samaki ni mazima, damu inazunguka. Lakini samaki anakufa kama aliyenyimwa hewa. Inakuwaje?

Jibu liko kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na ndiyo mada yangu leo. Shuleni wengi tulipitishwa hapa mbio, tukakariri "mitokondria huzalisha nishati", tukaandika kwenye mtihani, tukasahau.

Chakula, uwe ugali au dagaa, kinavunjwavunjwa mpaka kinachobaki cha maana ni elektroni. Zinabebwa na molekuli mbili, NADH na FADH2. Mwisho wa safari yao ni oksijeni. Kati ya NADH na oksijeni kuna tofauti ya volti 1.14 hivi. Elektroni zikiruka zote mara moja utapata joto tu, basi. Kwa hiyo seli inazishusha kwa ngazi, na kila ngazi ina kazi yake.

Ngazi hizo ni makundi makubwa ya protini yaliyopachikwa kwenye utando, yanaitwa kompleksi. Kompleksi I inapokea elektroni kutoka NADH, inazipitisha kwenye vipande vya chuma na salfa vilivyojipanga ndani yake, kisha inazikabidhi kwa ubikwinoni, molekuli ya mafuta inayotembea ndani ya utando. Kompleksi II nayo inaleta za kwake kutoka kwa suksinati, molekuli inayopatikana chakula kikivunjwa, kwa kupitia FADH2. Ubikwinoni anazipeleka kompleksi III, ambayo inazipa saitokromu c, protini ndogo iliyo upande wa nje wa utando huo wa ndani. Saitokromu c anazipeleka kompleksi IV moja moja. Zikifika nne, molekuli moja ya oksijeni inazipokea pamoja na protoni nne (chembe za hidrojeni zenye chaji chanya), na yanatoka maji, molekuli mbili. Sehemu kubwa mno ya oksijeni unayovuta sasa hivi unaposoma uzi huu inaishia hapo.

Elektroni zikiwa zinapita, kompleksi I, III na IV zinasukuma protoni kutoka ndani kwenda nje ya utando. Kompleksi II haisukumi hata moja. Hilo tutalirudia.

Utupa una kundi la sumu zinazoitwa rotenoidi, rotenoni ikiwa ndiyo maarufu. Rotenoni inakaa kwenye kompleksi I mahali ambapo ubikwinoni alipaswa kukaa. Elektroni za NADH zinakosa pa kwenda. Oksijeni ipo tele, imefika hadi ndani ya seli, ila hakuna anayeipelekea elektroni.

Na hapa ndipo panaponifurahisha. Chukua mitokondria zilizotiwa rotenoni, zimeacha kupumua kabisa. Ziongezee suksinati. Zinaanza kupumua tena! Kwa sababu suksinati inaingilia kompleksi II, imeshakiruka kizuizi. Fanya hivyohivyo kwa mitokondria zilizotiwa sianidi: hazishtuki, maana sianidi inafunga kompleksi IV na njia zote zinapita hapo. Kwa sumu za namna hii ndivyo watafiti walivyojua nani anamtangulia nani kwenye mnyororo, miaka mingi kabla ya kuwa na picha za protini zenyewe.

Karibuni tuchambue.

#2 Kiti Moto Mbele

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Mkuu endelea.

#3 Binti Newala

Swali la haraka kabla hamjafika mbali. Huyo samaki wa utupa mbona watu wanamla na hawafi?

#4 Ngalawa Tupu

Dada Newala, samaki anaipata sumu kupitia matamvua, inaingia moja kwa moja kwenye damu. Sisi tukiila, utumbo unaipokea kidogo, na kinachopita kinakutana na ini kinavunjwa. Tena rotenoni inaharibiwa na mwanga na joto. Ila usichukulie kwamba haina neno. Mwaka 2000 watafiti Marekani waliwapa panya rotenoni taratibu kupitia mshipa, wakapata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson. Halafu kuvua kwa sumu ni kosa kisheria, na kuna sababu: utupa hauchagui, unaua na vifaranga.

#5 Dogo wa PCB

Shikamooni wakubwa. Mimi naomba msaada kuhusu ATP, ile molekuli inayobeba nguvu ya seli. Kitabu kimoja kinasema glukosi moja inatoa ATP 38, kingine 36, mwalimu wa tuisheni anasema 32. Nishike lipi?

#6 Ngalawa Tupu

Marahaba dogo. Kwenye mtihani fuata kitabu kinachotumika shuleni kwenu, usilete ubishi na msahihishaji. Ila ujue hizo namba zinatoka wapi.

38 na 36 ni za zamani, wakati walidhani NADH moja inatoa ATP 3 kamili na FADH2 inatoa 2. Siku hizi tunahesabu protoni, maana kurudi kwake ndani ndiko kunakotengeneza ATP. Elektroni mbili za NADH zinasukuma protoni 10: nne kompleksi I, nne kompleksi III, mbili kompleksi IV. Za FADH2 zinaingilia kompleksi II, kwa hiyo zinakosa zile nne za mwanzo, zinabaki 6. Kutengeneza ATP moja na kuitoa nje ya mitokondria kunagharimu protoni kama 4. Gawanya: 2.5 kwa NADH, 1.5 kwa FADH2.

Glukosi moja ina NADH 10 na FADH2 2. Hiyo ni 25 na 3. Ongeza 4 zinazopatikana moja kwa moja bila mnyororo. Jumla 32. Ila NADH mbili kati ya hizo zinazaliwa nje ya mitokondria, na kwenye baadhi ya tishu elektroni zake zinaingizwa kwa njia inayozikabidhi kwa FADH2. Hapo unabaki na 30. Mwalimu wako wa tuisheni yuko sawa.

Na hata hiyo 32 ni ya kwenye karatasi. Utando unavuja kidogo, protoni nyingine zinatumika kuingiza vitu vingine.

#7 Fundi Waya

Mimi ni fundi umeme, biolojia niliiacha kidato cha pili. Mwanzisha uzi ametaja volti. Huo utando una volti ngapi hasa? Isije ikawa ni lugha ya picha tu.

#8 Ngalawa Tupu

Si picha, Fundi. Ni umeme wenyewe, unapimika. Kati ya milivolti 150 na 200, nje chanya, ndani hasi. Sehemu ndogo ya nguvu hiyo inatokana na tofauti ya asidi pande mbili, kubwa ni volti za kawaida unazozijua wewe.

#9 Fundi Waya

Milivolti 150 ni kitu gani sasa, hata betri ya saa ina volti moja na nusu.

#10 Ngalawa Tupu

Unene wa utando je? Ni kama nanomita 5.

#11 Fundi Waya

Ngoja. 0.15 gawanya kwa nanomita 5... volti milioni 30 kwa mita?? Hewa inapasuka cheche kwenye milioni 3 kwa mita. Yaani ndani yangu kuna uga wa umeme mara kumi ya ule unaotoa cheche ya radi, na nimekaa hapa nakunywa chai.

Nimekubali. Sasa nani aliyegundua haya, na aliaminiwaje?

#12 Ngalawa Tupu

Hakuaminiwa, Fundi. Miaka mingi.

Tangu 1925 David Keilin kule Cambridge alishaona saitokromu zikibadilika rangi seli inapopumua, kwa hiyo mnyororo wenyewe haukuwa na ubishi mkubwa. Kilichowatesa ni hatua inayofuata: elektroni zikipita, ATP inatengenezwaje? Karibu wakemia wote waliamini kuna kemikali fulani ya kati yenye nguvu nyingi, inayochukua nguvu kwenye mnyororo na kuikabidhi kwa ATP. Waliisaka kwa miaka. Kila maabara ilikuwa na mtu wa kuisaka. Haikuonekana.

Mwaka 1961 Peter Mitchell, Mwingereza aliyekuwa Edinburgh, akaandika kwamba haionekani kwa sababu haipo. Mnyororo unasukuma protoni nje, zinalimbikana, na kurudi kwake ndani ndiko kunakotengeneza ATP. Kinachounganisha ni utando na volti zake. Wengi walimwona ametoka kwenye mstari. Afya ikamsumbua, vidonda vya tumbo, mwaka 1963 akaacha chuo. Akaenda Cornwall, akakarabati jumba bovu karibu na Bodmin linaloitwa Glynn House, akalifanya maabara, yeye na Jennifer Moyle na wasaidizi wachache. Moyle ndiye aliyefanya mengi ya yale majaribio ya kupima protoni zinazotoka, na kwa maoni yangu hatajwi vya kutosha.

Pigo lililowanyamazisha wabishi wengi lilikuja 1974. Efraim Racker na Walther Stoeckenius walitengeneza vifuko vidogo vya mafuta, wakapachika protini ya zambarau ya viumbe vidogo vya kwenye maji ya chumvi kali, inayosukuma protoni ikipigwa na mwanga. Kwenye vifuko hivyohivyo wakapachika kimeng'enya cha kutengeneza ATP kilichotoka kwenye moyo wa ng'ombe. Hamna mnyororo, hamna saitokromu, hamna chakula. Wakawasha taa. ATP ikatoka. Sasa hiyo kemikali ya kati ingekuwa imejificha wapi, kati ya kidudu cha chumvini na moyo wa ng'ombe?

Mitchell alipewa Nobeli ya kemia mwaka 1978, peke yake.

#13 Kiti Moto Mbele

Karanga zimeisha naongeza mhogo wa kuchoma. Hiki kimeng'enya cha ATP kinafanyaje kazi sasa?

#14 Ngalawa Tupu

Kinazunguka. Kuna pete ndani ya utando, protoni zikipita zinaizungusha, pete inazungusha mhimili, mhimili unabinyabinya vyumba vitatu vinavyounganisha ADP na fosfati kuwa ATP. Kwa binadamu pete ina vipande 8, kwa hiyo protoni 8 ni mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja ni ATP 3. Ukitaka mfano, ni mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu: maji yamezuiwa juu, yanashuka, yanazungusha mashine.

Paul Boyer alilisema hili la kuzunguka mapema, John Walker akapata umbo la kimeng'enya mwaka 1994, wakapewa Nobeli 1997. Mwaka huohuo Wajapani wakabandika uzi wa protini unaong'aa juu ya mhimili na kuuona kwa darubini ukizunguka. Kwa macho kabisa.

#15 Fundi Waya

Mfano wa Kidatu ni mzuri ila una tatizo. Mashine ya Kidatu maji yakikauka inasimama. Hii je?

#16 Ngalawa Tupu

Swali la fundi hilo. Hii hairidhiki kusimama. Mnyororo ukizimwa na volti zikashuka, inaweza kuzunguka kinyumenyume: inavunja ATP na kusukuma protoni nje ili utando usipoteze chaji. Hao Wajapani ndiyo mzunguko walioutumia, waliipa ATP wakaiangalia ikizunguka. Kwa seli iliyokosa oksijeni hili ni balaa, mitokondria inageuka kuwa mlaji wa ATP badala ya mzalishaji. Kuna protini ndogo ya kuizuia isifanye hivyo kupita kiasi.

Na ujue hakuna akiba ya maana. ATP yote iliyo mwilini mwako haifiki robo kilo. Lakini kwa siku unaitengeneza, unaivunja na kuitengeneza tena mpaka jumla inakaribia uzito wako mwenyewe.

#17 Slim Fiti

Wapendwa, kwa wenye uhitaji wa kuongeza mitokondria na kupunguza kitambi ndani ya wiki mbili, nina vidonge asilia, njoo inbox.

#18 Nesi Zamu ya Usiku

Slim Fiti kaa pembeni kwanza, maana umenikumbusha jambo.

Kuna kemikali inaitwa dinitrofenoli, DNP. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilitumika viwanda vya mabomu Ufaransa, na wafanyakazi wakawa wanakonda, wengine wanakufa na joto kali la mwili. Mwaka 1933 madaktari wa Stanford wakaileta kama dawa ya kupunguza uzito. Ilifanya kazi kweli. Na watu walikufa kweli, wengine wakapata mtoto wa jicho. Mwaka 1938 Marekani wakatangaza haifai kabisa kuliwa na binadamu.

Inachofanya ni kubeba protoni na kuzivusha kwenye utando bila kupitia kile kimeng'enya kinachozunguka. Mnyororo unakimbia, oksijeni inatumika, mafuta yanaunguzwa, ila ATP haitoki. Nguvu yote inakuwa joto. Haina dawa ya kuipoza, ukizidisha tunakupa barafu na kumwomba Mungu. Bado inauzwa mitandaoni kwa majina ya kila aina kama unga au kapsuli za njano. Dada zangu mnaotafuta viuno, someni hapa mara mbili.

#19 Ngalawa Tupu

Asante Nesi. Niongeze tu kwamba mwili wenyewe una uvujishaji wa aina hiyo, ila wa kistaarabu. Kichanga ana mafuta ya kahawia mgongoni na shingoni, mitokondria zake zina protini maalumu inayoachia protoni zirudi bila kutengeneza ATP, ndipo anapata joto bila kutetemeka. Tofauti ni kwamba hiyo ina kufuli, inafunguliwa mwili ukihitaji.

#20 Binti Newala

Mmefika mbali, ila kichwa cha uzi kimetaja muhogo mchungu na bado hamjaugusa. Kwetu huko ndiyo chakula. Bada la makopa kila siku. Mnataka kusema tunakula sianidi?

#21 Nesi Zamu ya Usiku

Ukiandaliwa vizuri, hapana. Muhogo una kemikali inaitwa linamarini, imebeba sianidi ndani yake, na peke yake haina shida kubwa. Ipo sehemu yake, na kimeng'enya kinachoivunja kipo sehemu yake. Ukikata au kusaga vinakutana, inatoka gesi ya sianidi. Ndiyo maana kisamvu kinatwangwa kikachemshwa: ukitwanga unaiachia, ukichemsha inapaa.

Sianidi inashika chuma cha kompleksi IV, mahali palepale pa oksijeni. Kwa mgonjwa wa sumu kali kuna ishara moja ya ajabu: damu ya mshipa unaorudi moyoni inakuwa nyekundu ya kung'aa kama ya ateri. Imerudi na oksijeni yake yote, seli zimeshindwa kuitumia. Mtu anahema kwa nguvu, mapafu mazima, damu imejaa oksijeni, na anakufa. Dawa mojawapo ni haidroksokobalamini, ambayo inaidaka sianidi na kuwa aina ya vitamini B12, inatoka kwenye mkojo.

Na kwa dozi ndogondogo mwili unajitetea: ini linaunganisha sianidi na salfa, inakuwa kitu chenye sumu ndogo, inatoka. Hiyo salfa inatoka kwenye protini. Samaki, nyama, maharage. Asiye na kitoweo hana salfa ya kutosha.

#22 Bwana Shamba Mstaafu

Naomba niingie hapa, maana nimefanya kazi ya ugani kanda ya ziwa.

Mwaka 1985 Tarime kulikuwa na ukame. Muhogo kwenye ukame unaongeza sumu, na hapohapo mahindi hayapo, maharage hayapo. Watu wana njaa, hawawezi kungoja udaga (muhogo wa kuvundika) uvunde siku zinazotakiwa, wanafupisha. Ndipo ikatokea konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, anatembea kwa vidole kwa msaada wa fimbo, wengine hawatembei tena. Zaidi watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Haizidi kuwa mbaya siku hadi siku, lakini haiponi pia. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikatokea Mtwara na Mbinga. Msumbiji, mkoa wa Nampula, mwaka 1981 walipata wagonjwa zaidi ya elfu moja. Na Kongo ndiko ilikoandikwa mara ya kwanza, 1938, na daktari Trolli, eneo la Kwango.

#23 Dogo wa PCB

Kwa hiyo konzo ni kompleksi IV kufungwa kwenye mishipa ya fahamu?

#24 Ngalawa Tupu

Taratibu dogo. Inavutia kusema hivyo na ingenogesha uzi wangu, lakini watafiti hawajaafikiana. Sianidi ya ghafla, ile ya Nesi, hiyo ni kompleksi IV bila ubishi. Konzo ni jambo la wiki nyingi za dozi ndogo na upungufu wa protini, na inachagua zile neva ndefu zinazoamuru miguu. Wapo wanaosema ni nguvu ya seli kupungua, wapo wanaotilia shaka mazao mengine ya sianidi mwilini. Kinachojulikana ni nani anaugua na alikuwa anakula nini.

#25 Binti Newala

Shikamoo Bwana Shamba. Sasa sisi tufanyeje? Muhogo mchungu hatuwezi kuacha, nguruwe na panya wanaumaliza ule mtamu. Na makopa yameshasagwa, yapo ndani.

#26 Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hakuna anayekwambia uache. Kuloweka siku tatu au nne mpaka ulainike ndiyo njia kubwa, kukata na kuanika tu juani kunabakisha sumu nyingi. Shirika la Afya Duniani linataka unga usizidi miligramu 10 kwa kilo, na makopa ya haraka wakati wa ukame yanapita hapo mbali.

Kwa unga uliokwisha kusagwa kuna njia aliyoileta Howard Bradbury wa Australia. Tia unga kwenye ndoo, weka alama ulipofika. Mimina maji ukikoroga, unga utashuka kwanza, endelea mpaka urudi kwenye alama. Utandaze kwenye jamvi au sinia pana, unene usizidi sentimita moja. Juani uache kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano. Maji yanakiamsha kile kimeng'enya alichokisema Nesi, kinamalizia linamarini iliyobaki, gesi inapaa. Vijiji vya Kwango vilivyofundishwa hivyo havikupata wagonjwa wapya wakati wa mradi.

#27 Binti Newala

Nikiufanya asubuhi naweza kuubakiza mpaka kesho yake?

#28 Bwana Shamba Mstaafu

Hapana, songa siku hiyohiyo, ukilala unachacha. Na unapoutandaza usiufunike, hata kama kuna kuku. Weka mtoto awafukuze.